Mume anaondoka mwaka mzima: nirudi ukweni au nibaki?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani, naishi Gongo la Mboto kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Mume wangu ni koplo jeshini. Ameambiwa ataondoka na kikosi cha kulinda amani kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa mwaka mmoja, na kuanzia mwezi ujao wanaweza kuitwa wakati wowote. Tuna watoto wawili: wa kiume, Baraka, yuko darasa la tatu, na wa kike ana miaka mitatu. Mume anataka nifunge kazi nikakae kwa mama yake Njombe mpaka arudi, anasema mjini peke yangu nitasumbuka. Mimi sitaki, lakini sitaki pia aondoke tukiwa tumenuniana. Ndugu zake nao wameshaanza kuulizia hela za misheni. Nianzie wapi? Na siku ya safari niende na watoto kumsindikiza?

Mama Baraka

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na linalokunyima usingizi: baki hapo ulipo. Sina ubaya na ukweni. Nasema hivyo kwa ajili ya Baraka na kwa ajili ya hiyo cherehani.

Mtoto wa darasa la tatu mwakani ni wa darasa la nne, na mwisho wa darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa. Ukimpeleka Njombe atahama shule, baba akirudi atahama tena, yote ndani ya mwaka mmoja na kitu, na katikati yake kuna mtihani. Namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi, itamfuata popote, lakini mwalimu anayejua kwamba Baraka akinyamaza maana yake hajaelewa, huyo hatamfuata. Na tayari baba anaondoka. Mtoto anayeondokewa na baba mwachie shule yake, rafiki zake na njia yake ya kwenda dukani.

Wateja wa fundi nao hawangoji mwaka. Ukikosa sare za Januari na nguo za sikukuu za Desemba, watamzoea fundi mwingine, na utakaporudi utaanza upya kama mgeni. Halafu kuna jambo ambalo sisi wake za askari hatulisemi sana. Kipato kidogo kinachoingia mkononi mwako kila wiki ndicho kitakachokuzuia usimpigie mumeo kila mara kumwomba hela ya sukari. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, na nimekuwa mke wa askari kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Ndoa nilizoziona zikichakaa kwa umbali, nyingi zilichakazwa na simu za aina hiyo.

Hata hivyo usiende kumwambia "mama kasema nibaki". Msikilize kwanza. Wanaume wengi wamekaa mbele yangu wakisema mke arudi kijijini, na nilipowauliza taratibu, hofu iliyotoka ilikuwa ileile: mtoto akipandisha homa saa nane za usiku, nani atamkimbiza hospitali? Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu. Chukua karatasi, andika: jirani utakayemgongea mlango, dereva wa bajaji mnayemwamini na namba yake, ndugu yako au wake aliye karibu zaidi mjini, hospitali mtakayokwenda, kadi za kliniki na za matibabu zinakaa wapi. Ongeza fundi umeme, mwenye nyumba, na mjumbe wenu. Ibandike nyuma ya mlango wa kabati, kisha mwite aisome. Akiiona hiyo karatasi, mazungumzo ya Njombe yatakuwa mepesi.

Na mama yake asitupwe. Likizo ya Juni wapeleke watoto kwa bibi, tena na masweta ya kutosha, maana Juni ya Njombe haina huruma na mtoto wa Dar es Salaam. Naye akipenda kuja kukaa nawe wiki mbili tatu mwanzoni, wakati nyumba bado ina kimya cha baba kuondoka, mkaribishe kwa moyo. Bibi anayekuja kwa mwaliko ni baraka. Kukaa mwaka mzima jikoni kwake, wakati mwanawe aliyekuunganisha naye hayupo, ni jambo jingine kabisa.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Ndugu wanaoulizia hela za misheni wana hesabu vichwani mwao, na hesabu yenyewe imekosewa tangu mwanzo. Umoja wa Mataifa haumpi askari mshahara mkononi. Unairudishia serikali iliyotoa askari kiasi fulani kwa kila mmoja kwa mwezi. Kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428, baadaye kikapandishwa kidogo. Posho ya askari inatoka serikalini kwake, kwa utaratibu wa serikali yake. Hata hayo malipo ya Umoja wa Mataifa huchelewa, kwa sababu nchi wanachama huchelewa kutoa michango. Kwa hiyo shemeji anayezisikia dola hizo kijiweni, akazidisha kwa kumi na mbili, akageuza kuwa shilingi, anagawa fedha ambazo si za kaka yake.

Muulize mumeo mambo mawili: mshahara wake wa kawaida utaendelea kuingia akaunti gani, na posho italipwa vipi na lini. Akishakujibu, pangeni maisha yote ya nyumbani kwa mshahara na cherehani peke yake, kana kwamba posho haipo. Posho iwe ya kitu kimoja mlichokitaja kwa jina, kiwanja, au ada za miaka ijayo, au mashine ya pili ya kushonea. Siku ikichelewa miezi mitatu, ninyi mle na mlale kama kawaida.

Kaeni na daftari jioni moja watoto wakishalala. Kodi ya nyumba inaisha lini? Kama miezi sita yenu inakatikia mwezi wa pili baada ya yeye kuondoka, lipieni mingine sasa hivi, kwa sababu mwenye nyumba akija na maneno yake ya kupandisha kodi ni afadhali akukute una risiti. Andikeni LUKU pamoja na namba ya mita, maji, michango ya shule, chakula, nauli. Andikeni hela ya mama yake. Hiyo iwe kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana, na kama benki yake inakubali kutuma yenyewe kila mwezi, ajaze fomu kabla hajaondoka. Mama anayepata elfu thelathini yake kila tarehe tano hana sababu ya kukuuliza mwanawe ametuma kiasi gani.

Ndugu waambiwe na yeye. Awapigie au awakusanye kabla ya safari, aseme kwa mdomo wake: mama atapata kiasi hiki, ada ya mdogo wangu nitalipa hii, mengine subirini nirudi, mke wangu msimsumbue. Usikubali kazi hiyo ubebe wewe. Neno lilelile likitoka kwake ni mpango wa familia, likitoka kwako unaambiwa umemfungia mume.

Mambo madogo ya simu yanaumiza watu kuliko makubwa. Laini ya mumeo imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Ikipotea au ikifungwa naye yuko mbali, wewe huwezi kwenda dukani kuirudisha. Hela ya nyumbani isikae kwenye laini yake hata kama unaijua namba ya siri. Ihamie kwenye yako. Akaunti ya pamoja benki ni nzuri, ila hakikisheni mmeandika kwamba yeyote kati yenu anaweza kutoa. Nimeona mama ana hela benki na mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, kwa sababu fomu ilitaka saini mbili na ya pili ilikuwa nje ya nchi.

Na mikopo ya kausha damu. Mwanangu, hili nalisema kwa uzito. Wakopeshaji wa mitaani wanampenda sana mke wa askari aliye misheni, wanajua kuna fedha itakayokuja. Watakufuata hadi kwenye cherehani na laki mbili za "kukusogeza". Wapo na wa kwenye simu, wanaokopesha dakika tano kisha wanawapigia watu wote uliohifadhi namba zao kukutangaza. Kama una kikoba cha akina mama unaowajua, ambako mnakaa mnahesabiana mbele ya macho, baki nacho. Hao wengine wakatalie mara ya kwanza, usiwaachie nafasi ya pili.

Kiwanja kama mnakitaka, mwambie asitume hela kwa kaka yake ajenge. Nilikaa na mke mmoja ambaye yeye na mumewe kwa miezi tisa walitumiwa picha za msingi, kuta, lenta. Mume aliporudi wakaenda kuangalia, wakamkuta mwenye nyumba ile ameketi kibarazani anakunywa uji, wala hawajui. Nunueni mkiwa wote, au wewe ununue kwa niaba yake ukiwa na karatasi. Karatasi hiyo mawakili wanaiita nguvu ya uwakili: mumeo anakupa mamlaka ya kutenda jambo fulani kwa jina lake. Iandikwe na wakili, itaje jambo lenyewe waziwazi, na ikihusu ardhi isajiliwe. Ujue pia kwamba inakufa pamoja na aliyeitoa, haigeuki kuwa wosia. Nyumba ya ndoa mkishakuwa nayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja.

Hapo nimefika kwenye wosia, na najua ni neno linalowafanya watu wageuze mazungumzo. Usiligeuze. Askari wengi walijaza majina ya warithi na ndugu wa karibu wakiwa makuruta, hawajaoa. Wakaandika jina la mama, au la kaka aliyewasomesha, na tangu hapo hawajafungua tena faili. Ndoa ikaja, watoto wakaja, karatasi ikabaki vilevile. Kabla hajaondoka aende akaangalie jina la nani liko pale, na watoto wote wawili wameandikwa au la. Aende na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Kama wa kike hajapata cheti cha RITA, hicho ndicho cha kwanza wiki hii. Na kama ndoa yenu ni ya mahari na baraka za wazee bila cheti, shughulikieni usajili wake pia, maana kila ofisi utakayoingia peke yako itakuuliza wewe ni nani kwake. Wosia wenyewe anaweza kuandika na kuuhifadhi RITA. Mwanaume anayefanya hayo hajichulii. Anapakia mzigo wake vizuri kabla ya safari, kama anavyofundishwa kupakia begi lake.

Nakala za kila kitu weka kwenye bahasha moja kubwa ya plastiki, ya kwako, na nakala nyingine iwe kwa mtu mmoja mnayemwamini wote wawili.

Sasa nikueleze kuhusu kimya, maana hakuna aliyenieleza mimi.

Mume wangu alikuwa Darfur, nchini Sudan, mwaka 2013. Jumamosi ya tarehe 13 Julai walinda amani saba wa Tanzania waliuawa kwa shambulio la kuvizia huko Darfur Kusini. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele, sijui lolote. Simu ikaita, mtu akasema, "Pole sana dada." Nikamuuliza, pole ya nini? Akakata. Nakumbuka nililiweka sinia chini taratibu sana, kana kwamba lingepasuka. Simu zikaendelea mpaka usiku, kila anayepiga anataka nimweleze mimi, na kila mmoja ana jina lake la marehemu. Mume wangu alipiga Jumapili usiku, akasema maneno manne: "Mimi mzima, lala sasa." Nililala. Lakini wale saba nao walikuwa na wake na mama zao, na mpaka leo siku hiyo siisimulii kama habari njema.

Kutokana na siku hiyo nilijifunza kupanga. Kubalianeni na mumeo kwamba kimya cha siku kadhaa ni kawaida: mtandao unakatika, au wako doria, au wamezuiwa kutumia simu. Kubalianeni ni baada ya siku ngapi utaulizia, na utamuulizia nani. Pata namba ya ofisi ya kikosi chake hapa nyumbani na jina la anayeshughulika na familia, na uende ujitambulishe ukiwa na mumeo kabla hajaondoka, wakuone sura. Pata pia namba za wake wawili watatu wa askari wanaoondoka naye. Hao watakuwa ndugu zako mwaka huu, kwa sababu hamtahitaji kuelezana.

Kwenye ukoo chagueni mtu mmoja, tuseme shemeji mwenye busara, awe ndiye wa kupigiwa kukiwa na tetesi. Wengine wote wamuulize yeye, si wewe. Na ushike hili: habari nzito ya jeshini haiji kwenye kundi la WhatsApp. Inaletwa na watu, ana kwa ana. Picha ya maiti iliyotumwa na mtu asiyejulikana usiifungue wala usimpelekee mwenzio, huenda ni mume wa mtu unayemfahamu. Wewe nawe usitangaze tarehe ya kuondoka, wala alipo, wala picha yake na sare na silaha, hata kama fahari imekujaa. Wako watu wanaokusanya vipande hivyo, na wako wezi wa mtaani ambao kwao "baba kasafiri mwaka" ni mwaliko.

Bangui, mji mkuu wa huko anakokwenda, iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kwenu ikiwa saa mbili usiku, kwao ni saa kumi na mbili jioni. Huo ni muda mzuri, yeye pengine ametoka zamu na Baraka hajalala. Wekeni siku mbili kwa wiki, zisizidi. Simu ya kila siku inakuwa na lawama siku isipopigwa. Na simu isianze na matatizo. Mwache aongee na watoto kwanza, acheke, kisha umwambie kwamba paa linavuja. La dharura mwambie. Ambalo umeshalimaliza mwenyewe, mwambie likiwa limekwisha: "Mtoto aliugua Jumatatu, nikampeleka, sasa anacheza." Mtu aliye mbali akiambiwa mtoto anaumwa halafu simu ikakata, anakaa na hilo usiku mzima na hana la kufanya.

Watoto waambiwe ukweli wa umri wao. Huyu wa miaka mitatu hajui mwaka ni nini, mwambie baba amekwenda kazini mbali, atarudi Krismasi ikishapita na mvua zikishapita. Asiambiwe "anakuja kesho". Mtoto anaihesabu hiyo kesho. Mumeo arekodi sauti yake kwenye simu yako, hadithi tano sita za sungura na fisi, na jinsi anavyowaambia usiku mwema, uwe unawawekea wakati wa kulala. Tena wewe ni fundi: chukua fulana zake mbili za nyumbani zilizochakaa, washonee mito midogo. Fulana za nyumbani, siyo sare, maana sare za jeshi hazichezewi na sheria hairuhusu raia kuzivaa.

Mambo mawili nakuomba uyazuie kabisa. La kwanza, "Baba akirudi nitamwambia akuchape." Ukilisema mwaka mzima, utakuwa umewajengea watoto mtu wa kutisha, na siku anaingia mlangoni watajificha. Adhabu yako imalize siku hiyohiyo. La pili, wajomba na majirani kumshika Baraka bega na kumwambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Mtoto wa miaka minane au tisa analichukua neno hilo kwa uzito kuliko wanavyodhani. Anaacha kucheza, anaamka usiku kukagua komeo. Mwambie mbele yao: wewe ni mtoto, nyumba ninayo mimi.

Maneno ya mtaani yatakuwepo. Fundi hupima watu, na baadhi ya watu ni wanaume. Pima mlango ukiwa wazi, funga kazi saa ile ile kila siku, na umwambie mumeo mwenyewe habari za siku yako kabla hajaambiwa na mwingine. Zaidi ya hapo usihangaike na midomo. Nenda kanisani kwako, nenda kwenye kikoba, cheka ukichekeshwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mke wa askari aliye misheni avae huzuni.

Lakini kuondoka, mwanangu, si ndiko kugumu zaidi. Hujaniuliza kuhusu kurudi, na hakuna anayeuliza. Watu wanapika pilau, wanapiga vigelegele, wanadhani kazi imekwisha.

Mume wangu aliporudi alikuta kabati la vyombo limehama ukuta. Nililihamisha mwezi wa tatu, mvua ilikuwa inaingia upande ule. Alisimama mbele yake kwa muda, akauliza, "Nani alikuambia ulihamishe?" Nikamjibu vibaya, kwamba mvua haikungoja ruhusa. Tukanuniana siku mbili juu ya kabati. Ilinichukua wiki kuelewa. Kule alikuwa ameilala na kuiamka nyumba hii kichwani, kila kitu mahali pake, na hiyo nyumba aliyoibeba ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Amerudi, inaendeshwa vizuri bila yeye. Mwanaume anafurahi na anaumia kwa wakati mmoja, na hana jina la kuliita hilo.

Kwa hiyo wakati wa simu zenu mwambie mabadiliko yakiwa madogo: tumehamisha hiki, Baraka sasa anakwenda shule peke yake, mdogo hataki tena uji wa ulezi. Akirudi, wiki mbili za kwanza usimkabidhi bili zote siku moja, wala usimfanye mgeni wa kukaa kochini. Mrudishie jambo mojamoja, lile alilokuwa akilipenda kwanza. Kama alikuwa anawaogesha watoto Jumapili, aanze na hilo. Huyo wa kike atakuwa na miaka minne na huenda asimtambue. Wa kwangu alijificha nyuma ya kitenge changu siku tatu, na baba yake akaumia sana. Siku ya nne alimkuta baba yake anamenya chungwa, akasogea. Asimvute wala asimbembeleze kwa zawadi. Amenye machungwa.

Wageni wa pongezi wapewe siku yao, lakini usiku wa kwanza nyumba iwe yenu. Na mkapime afya wote wawili kabla ya kurudiana, kwa makubaliano mliyoyafanya kabla hajaondoka. Likikubaliwa mapema linakuwa utaratibu wa familia. Likisemwa siku ya kurudi linasikika kama tuhuma. Suala la uzazi wa mpango nalo lipange kliniki mwezi mmoja kabla hajarudi.

Usingizi utamsumbua kidogo. Anaweza kuamka saa kumi usiku akazunguka kukagua milango, akashtuka mtu akigonga bati, akakaa kimya katikati ya watu. Wiki chache za namna hiyo usizipigie kelele. Zikizidi mwezi na kitu, au akianza kunywa ili alale, au hasira zikapanda kwa jambo dogo, mwambie mchana akiwa ametulia, usimwambie katikati ya ugomvi: "Naona hulali, twende hospitali pamoja." Hospitali za jeshi zimeshawaona wengi wa namna hiyo, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Ni jeraha kama la mguu, linatibiwa. Ila mkono ukinyanyuka juu yako, hapo si kuvumilia tena. Sheria ile ile ya Ndoa inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na dawati la jinsia lipo kituo cha polisi. Kutoka misheni hakubadilishi hilo.

Sasa swali lako la safari. Wewe msindikize mpaka pale kikosi kitakaporuhusu familia, na watoto waage nyumbani. Huko kuna foleni, magari, kusubiri hata saa nne nzima bila kujua, na huyo mdogo atabaki na picha ya baba akipotea kwenye kundi la watu waliovaa sawa. Nyumbani ana mlango anaoujua. Kosa moja tu lisifanyike: asiondoke watoto wamelala. Wanaume wengi hupenda hivyo, wanasema hawataki kuwaona wakilia. Lakini mtoto aliyelala baba yupo akaamka baba hayupo, anaanza kuogopa kulala. Nimewaona wengi. Hata kama gari linakuja saa tisa usiku, washa taa, waamshe wote wawili, wamuage baba yao mlangoni wakiwa macho. Chai iwe imechemka. Na kama hujaenda naye, ukishafunga mlango lala nao kitanda kimoja, cherehani ingoje mpaka mchana.